Kadi Nilizoziuza kwa Kilo

Kadi za katalogi ya maktaba yetu niliziuza kwa kilo, kama karatasi chakavu. Hakuna bosi aliyenishurutisha, na aliyenionya nilimpuuza.

Maktaba yetu ni ndogo, iko Kivukoni, kati ya maofisi na soko la samaki la Feri. Nilipokabidhiwa kazi ya kuweka kompyuta za wasomaji kutafutia vitabu, akili yangu yote ilikwenda kwenye mashine. Nilizunguka maduka ya Kariakoo nikilinganisha bei za kompyuta zilizotumika, nikakagua skrini na kibodi, nikauliza umeme ukikatika itakuwaje. Hata kimo cha meza nilikipima, maana nilitaka watu watafute wakiwa wamesimama, wapishane haraka. Programu nikachagua Koha, iliyotengenezwa Nyuzilandi mwaka 1999 na inayotolewa bure. Hapo sikukosea. Mashine zile zinafanya kazi mpaka leo.

Nilikosea kwenye maneno. Kuandika rekodi ya kitabu kimoja kimoja niliona kutanichelewesha, nikavuta zilizokuwa tayari kutoka katalogi za ng'ambo, hasa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni rekodi safi, lakini mada zake zimeandikwa kwa Kiingereza, hata kwa vitabu vyetu wenyewe. Msomaji akiandika "riwaya", Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, haikumtokea.

Tulikuwa na mama mmoja mkutubi, mtunzaji wa makabati ya kadi tangu kabla sijaajiriwa. Aliniambia, "Mwanangu, kadi hizi usizitoe kwanza. Pitia nilichoandika kwa penseli." Nikamjibu, "Mama, hayo yote yamo kwenye kompyuta."

Hayakuwamo. Najua, kwa sababu kadi chache zilibaki kwenye droo iliyokuwa imekwama. Pembeni mwa kadi za uvuvi aliandika nyavu, dagaa, ngalawa, mashua, kukausha samaki. Maneno hayo aliyapata midomoni mwa wasomaji waliokuja kumuuliza, miaka nenda miaka rudi, na mimi nikayapeleka kwenye mzani.

Kijana mmoja wa Feri aliingia siku moja, akaandika "uvuvi" kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Skrini ikajibu hakuna. Akanigeukia: "Kaka, hamna?" Nikamwambia kama humo hakuna, basi hatuna. Akashukuru, akaenda zake. Rafu ya 639, ambako mpango wa Dewey unaweka uvuvi, ilikuwa nyuma yangu, na vitabu vimo.

Nilishtuka baadaye, nilipofungua orodha ya maneno waliyokuwa wakitafuta watu: mirathi, ndoa, kilimo cha vitunguu, wavuvi, mvuvi. Mengi yalikuwa yamejibiwa sifuri. Nikajaribu kurekebisha utafutaji kwa njia ya kukata mkia wa neno ili programu ilete ndugu zake, njia inayosaidia sana kwa Kiingereza. Kwetu haikufaa, kwa kuwa neno letu hubadilika kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi. Hili lilipaswa kunijia kabla sijanunua hata waya mmoja, kwani Kiswahili ndicho ninachokiongea kutwa.

Dawa yake ilikuwapo siku zote. Katika MARC, muundo unaotumika kuandikia rekodi za katalogi, sehemu namba 650 ni ya mada rasmi, na namba 653 imeachwa kwa maneno huru. Hapo unaweza kuandika dagaa, ngalawa na mvuvi, na Koha itayaona. Kwa mwenzangu anayepanga kununua kompyuta za katalogi, ningemsihi aweke daftari kaunta kwanza, aandike kila anachoulizwa kama kilivyotamkwa, ndipo aende dukani.

Yule mama alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Hakunisuta. Aliniuliza tu tunaanza na rafu ipi, na sasa huja kukaa nami, yeye akitaja maneno, mimi nikichapa. Tulianza na 639. Sheria na mirathi tunaendelea nazo, riwaya bado. Wewe uliyeambiwa na mimi kwamba hatuna, nakuomba radhi, na nakuomba urudi utafute tena.