Kwa Mpwa Wangu wa Garsen, Kuhusu Ile D

Minneapolis, Minnesota

Mpwa wangu,

Picha ya karatasi yako ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nimeivuta kwenye simu mpaka nikasoma yote yaliyoonekana. C+ ya jumla, B ya Biolojia, B ya Kiswahili, C ya Hisabati, na ile D ya Kemia uliyoipiga picha ukingoni kabisa, kana kwamba mjomba wako atakosa kuiona. Mama yako ananiambia hupiti tena stendi ya Minjila, maana kila mtu anauliza unaanza lini udaktari. Nawe ukaniletea mimi swali lako: huko Marekani wanaangalia KCSE? Mtu akija na D akaanza upya, inafutika?

Swali hili naulizwa na wengi, ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kukutumia sauti.

Jibu la kwanza litakufurahisha. Chuo cha udaktari cha hapa hakitaiangalia KCSE yako. Hapa mtu hatoki sekondari akaingia udaktari. Anasoma kwanza digrii ya miaka 4, hata ikiwa ya historia, mradi apitie Biolojia, Kemia, Kemia ya kaboni na Fizikia. Halafu anafanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528. Ndipo anaomba. Akikubaliwa anasoma miaka 4 mingine, kisha anafunzwa hospitalini miaka 3 hadi 7 kutegemea tawi alilochagua. Wanaopokea maombi hayo ya udaktari wanachotaka kuona ni alama za MCAT na gredi za chuo. Za kidato cha nne hawaziulizi.

Jibu la pili ndilo lililonikalisha kuandika. Ukishaanza kuandikwa chuoni hapa, hakifutiki kitu.

Nilifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee pamoja na binti mmoja mzaliwa wa Garissa, ananiita adeer, yaani ami kwa Kisomali. Mwaka wake wa pili chuoni alipata F ya Kemia ya kaboni. Mama yake alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, naye binti ndiye dereva, mkalimani na mlipa kodi ya nyumba. Usiku kazini, asubuhi darasani, usingizi kwenye gari. Tarehe ya mwisho ya kujiondoa katika somo ikampita, akakaa mpaka mtihani, akaanguka. Alilirudia somo lile mwaka uliofuata akapata A. Kwetu hadithi ingeishia hapo: amerudia, amefaulu, ya kale yamepita.

Lakini maombi ya vyuo vingi vya udaktari hapa hupitia mfumo mmoja wa pamoja, AMCAS, na mfumo huo huhesabu kila mara uliyolifanya somo. F ni sifuri, A ni 4, kwa hiyo somo lile limempa 2. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamemwambia asijali, aombe vyuo vya udaktari wa osteopathia, ambako gredi mpya hufuta ya zamani. Ilikuwa kweli walipoomba wao. Kuanzia maombi ya mwaka 2017 vyuo hivyo navyo viliacha kufuta, vikawa vinahesabu zote. Ushauri wa watu wa ughaibuni una tatizo hilo, mpwa wangu, na wangu uuchukulie hivyo hivyo: mtu hukueleza njia kama alivyoiacha siku aliyopita yeye.

Sasa fuata hesabu kidogo. Mwanafunzi mwenye krediti 60 kwa wastani wa 3.0, akizoa A katika krediti 60 zinazofuata bila kukosa hata moja, atafika 3.5. Miaka miwili ya A imempandisha nusu pointi. Na katika maombi ya mwaka 2023, watu zaidi ya 52,000 waliomba vyuo vinavyotumia AMCAS, wakaingia karibu 23,000, na wastani wa gredi za walioingia ulikuwa karibu 3.8.

Wewe ni mtoto wa delta, utanielewa nikisema hivi. Wakulima wa mpunga wa Ozi hungoja bamvua liyasukume maji baridi ya Tana yapande mashambani. Mwaka ambao mto ni mdogo, bahari hupanda yenyewe na chumvi yake, na mpunga ukaungua. Chumvi ile hakuna wa kuichota kwa mkono aitoe. Hungojewa mto ujae, maji yapite, yapite tena, mpaka udongo ukubali mbegu. F ya binti yule ilififia hivyo, kwa masomo mengine mengi ya sayansi aliyoyalundika juu yake, mpaka mtu aliyesoma karatasi zake akawa anaiona F lakini haimzuii kuendelea kusoma.

Na karatasi husomwa na watu. Hilo ndilo linalonistaajabisha hapa kuliko maghorofa. Mwombaji anapewa nafasi ya herufi 5,300 aeleze kwa nini anataka kuwa daktari, nafasi tupu zikihesabiwa humo. Anaorodhesha kazi na shughuli zake mpaka 15. Na tangu mwaka 2023 fomu ina sehemu nyingine, ya herufi 1,325, kwa mtu ambaye maisha yamemwekea vizuizi: ufukara, kulea wagonjwa, shule duni, ukimbizi. Binti yule aliniletea rasimu yake ya kwanza tukiwa mapumzikoni saa tisa ya usiku. Ilikuwa kurasa mbili za machozi. Mshauri wa chuo akazikata zote akamwachia sentensi tatu: nilipata F nikiwa nafanya kazi saa nyingi na kumtunza mama, sikujiondoa katika somo kwa wakati, nilipunguza zamu, nikalirudia, nikapata A. Basi. Nafasi iliyobaki aliijaza kwa yale aliyoyaona akiwageuza wazee kitandani na kuwatafsiria Wasomali mbele ya madaktari. Leo yuko mwaka wa tatu wa udaktari wa osteopathia, anazungushwa wodini, na akikutana nami hulalamikia miguu.

Nimeijaza fomu ile kichwani kwa niaba yako. Novemba 2023, El Niño, Tana imevunja kingo, barabara imekatika, wewe kidato cha tatu. Mei 2024, kidato cha nne, shule nchi nzima zimechelewa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko, na za kwetu zingine zilikuwa na watu waliohama maji wakilala madarasani. Kemia ina karatasi ya tatu, ya vitendo, alama 40, nawe uliniambia bureti uliishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa majaribio. Fomu ya Marekani ina kisanduku cha maneno kama hayo. KCSE haina. Kompyuta inayopanga wanafunzi vyuoni huona D, na mtoto wa shule yenye maabara tatu akipata D, zinaonekana D mbili sawasawa.

Hata hivyo usinisikie vibaya ukadhani naucheka mfumo wetu. Nakumbuka tulivyouza na kununua mtihani. Waziri Fred Matiang'i alipoziba mianya mwaka 2016, A za nchi nzima zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Namba isiyosikiliza hadithi yako haisikilizi pia hadithi ya mtoto wa mkubwa. Hapa panaposikilizwa hadithi, matajiri hulipia watu wa kuwatungia watoto wao hadithi nzuri. Machi 2019 serikali ya hapa iliwashtaki watu 50 katika kesi moja ya kununua nafasi za vyuo vikuu, wakiwemo waigizaji wa sinema, na wengine walikuwa wamewapiga watoto picha za michezo wasiyoicheza. Kusomwa kwa huruma kuna soko lake.

Tena kuna bei. Kuomba chuo cha kwanza kupitia AMCAS ni dola 175, zaidi ya shilingi 22,000 za kwetu, na kila chuo cha ziada ni dola arobaini na kitu. Watu huomba vyuo kumi na tano, ishirini. Wengi humaliza udaktari na deni la dola 200,000. Lililo kubwa kuliko bei ni makaratasi: vyuo vingi havipokei mtu asiye raia au mkazi wa kudumu, na vichache vinavyopokea huweza kutaka uonyeshe ada ya miaka yote iko benki. Binti wa Garissa ana uraia. Wewe ungekuja kwa viza ya mwanafunzi. Ungesoma digrii ya kwanza kwa ada ya mgeni, na mwishoni ungegonga mlango ambao D yako haiujui lakini pasipoti yako inaujua.

Najua pia kuna yule bwana wa Malindi aliyekwambia anaweza "kuisafisha" karatasi yako, au akutafutie chuo cha ng'ambo kisichouliza Kemia. Karatasi haisafishwi. Baraza la mitihani, KNEC, huulizwa moja kwa moja na vyuo na waajiri, nalo hujibu. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa serikali walipatikana na vyeti ghushi. Wengine walikuwa wamepanda vyeo kwa vyeti hivyo. Kuhusu chuo kisichouliza: baraza la madaktari, KMPDC, limeweka C+ ya jumla na B katika Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na lugha, na aliyesomea nje hufanyiwa mtihani nyumbani kabla ya kupewa hospitali ya mazoezi. Nimekutana hapa na kijana aliyesoma miaka sita Ulaya Mashariki kwa pesa za ng'ombe wa baba yake, sasa anaendesha lori. Si aibu kuendesha lori. Ila ng'ombe wale walikuwa wengi.

Basi tuiangalie D ilipo, Garsen.

Unaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa binafsi. Watu wanaona haya kwa sababu mtaani neno ni "amerudia", lakini haya hiyo ni ya miezi michache, na ukiwa daktari wa miaka arobaini hakuna mgonjwa atakayeikumbuka. Ukirudia, rudia Kemia kwa kufundishwa, na uishike bureti mpaka uichoke. Kama ni kwenda Malindi ukodi chumba karibu na shule yenye maabara, sema. Hisabati nayo uikaze, kwa sababu C haitoshi kwa udaktari, labda Fizikia yako ambayo hukunionyesha iwe nzuri kuliko ninavyoogopa.

Njia nyingine ni KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Diploma ya uuguzi kule hutaka C ya jumla, C ya Biolojia, C ya lugha, na C- katika moja tu kati ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Kwa karatasi uliyonitumia, mlango huo uko wazi leo hii. Wa matabibu, wale maafisa wa kliniki, nao hutaka Kemia, ingawa si kwa ukali wa chuo kikuu. Na ukimaliza diploma hiyo vizuri, viko vyuo vikuu vinavyompokea tabibu kusomea shahada ya udaktari, kila kimoja na masharti yake. Jiulize: ulipoumwa na nyoka pale Idsowe, aliyekutundikia maji alikuwa nani? Kijiji kizima kinamwita daktari, na cheti chake ni diploma ya KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927. Wamarekani walianza kufunza wasaidizi wa madaktari mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, wakadhani wamebuni jambo.

Mama yako hatapenda neno diploma. Alishawatangazia wanawake wa kanisa. Niachie mimi, nitampigia Jumapili, ila nawe usimwambie kwamba njia ya tabibu ni "ya kusubiria" wakati hujaiuliza. Kuna watu wanaiingia na hawataki kutoka, na delta yetu inawahitaji hao kuliko wanaoondoka.

Jambo la haraka ni moja. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na watafanya KCSE mwaka 2027. Ukijificha nyumbani kwa haya ya Minjila, utakuja kutafuta kurudia mtihani wa mfumo unaofungwa. Nenda wiki hii kwenye ofisi ya elimu uulize tarehe za usajili na kituo. Nenda pia Kilifi, kwenye kampasi ya KMTC, ukiwa na karatasi halisi, uwaulize ana kwa ana kuhusu muhula ujao. Usimuulize mtu wa Facebook.

Nauli na pesa za usajili nimetuma kwa M-Pesa ya mama yako, si kwako, kwa sababu nakujua na pesa. Akikupa, niandikie wamesema nini Kilifi, na safari hii piga picha ya karatasi yote, na Fizikia yake.

Mjomba wako