Viti vya Gari la Baba

Uani kwa mama yetu, hapa Lubumbashi, kuna gari ambalo kwa miaka 11 halikuwa gari tena, bali ukumbusho. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1964. Marehemu baba alilinunua mwaka 1970 kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, nasi sote watano tulikulia ndani yake. Baba alipofariki tulilifunika turubai, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mwaka jana mama alituita, akasema: «Wanangu, nataka kwenda Likasi kumwona mdogo wangu kabla hatujazeeka zaidi. Nataka niende na gari la baba yenu.» Safari yenyewe ni ya kilomita zipatazo 120. Injini haikutusumbua sana. Aina hiyo ya gari, iliyotokea mwaka 1960 kwa umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia, ilijipatia sifa Afrika kwa uvumilivu wake. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Taabu yetu ilikuwa ndani. Springi za viti zilikuwa zimetoboa sponji, ngozi ya bandia imepasuka, na mgongo wa mama hauwezi tena kuvumilia.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yetu mkubwa alitaka viti vilivyotolewa katika gari la kisasa, kiyoyozi, na redio yenye kioo. Dada anayemfuata alisema kwamba kubadili hata kifungo kimoja ni kumzika baba mara ya pili. Sisi wengine tuliyumba katikati, na huku tukibishana, mshonaji wa kwanza, tuliyemwachia gari bila maelezo kamili, alibandua bitana za milango yote minne akazitupa. Tulimkasirikia sana. Lakini tulipotulia tulikiri kwamba kosa lilikuwa letu pia, kwa maana tulimpa mtu kazi kabla ya kukubaliana sisi kwa sisi.

Mshonaji wa pili, mzee mwenye maneno machache, alitupa kanuni mbili. Ya kwanza: kisitupwe kitu chochote kabla kipya hakijakamilika, kwa sababu kilichochakaa ndicho kipimo cha kukatia kipya. Ya pili: tusianze na viti. Alinyanyua zulia akatuonyesha sakafu iliyoliwa na kutu, kwa kuwa mpira wa kioo cha mbele ulikuwa ukipitisha maji ya mvua. Kushona viti vizuri juu ya sakafu yenye maji ni kutupa fedha. Basi tulibadili mpira, tukaziba sakafu kwa bamba, tukatandika lami na blanketi nene chini ya zulia jipya. Joto na kelele za injini zilipungua kiasi kwamba kaka mwenyewe aliacha kudai kiyoyozi, ambacho kingetulazimisha kuukata ubao wa mbele.

Kisha likaja suala la rangi. Sote watano tuliapa kwamba viti vya baba vilikuwa vya rangi ya kahawia iliyopauka. Tulikwisha nunua kitambaa. Mzee alipofungua kiti cha nyuma, alitukunjulia ukingo uliokuwa umefichwa chini, mahali ambapo jua halikufika kamwe. Ulikuwa mwekundu, wekundu wa divai.

Tulinyamaza. Dada, mlinzi wa ukumbusho, ndiye aliyeumia zaidi. Kile alichokuwa akikilinda kama urithi kilikuwa kazi ya jua la Katanga. Tukamwendea mama na kile kipande mkononi. Alicheka, akasema: «Ninyi mlilikuta limezeeka. Mimi nilipanda humo nikiwa bibi arusi, na viti vilikuwa vyekundu.» Akakishika kipande kile kwa muda mrefu asitake kukirudisha.

Tulirudisha kitambaa dukani kwa hasara, tukatafuta chekundu. Mzee alifuata mistari ileile ya mshono wa zamani, akakaza springi za asili, akaweka sponji mpya yenye ugumu zaidi upande wa mgongo wa mama. Redio ya zamani ilibaki mahali pake. Nyuma yake, pasipoonekana, pana kifaa kidogo cha kupokea nyimbo kutoka kwenye simu, chenye fyuzi yake.

Jambo moja tulilibadili waziwazi. Gari letu halikuwa na mikanda ya usalama, ingawa mkanda wa ncha tatu ulikwisha buniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959. Fundi alichomelea mabamba mazito katika nguzo za milango na sakafuni, ili boliti zising'oke siku ya kishindo. Katika 404 mkono wa gia uko kwenye shingo ya usukani, na viti vya mbele vinakaribiana. Hapo kati mama alizoea kukaa na mtoto mapajani. Hatukuweka mkanda pale, na hakuna atakayekaa pale tena. Dada aliyekataa kubadili kifungo ndiye aliyelitaka hili, kwa ajili ya wajukuu.

Tulikwenda Likasi mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi. Mama alikaa mbele, amefungwa mkanda, mgongo umenyooka, na hakulalamika njia nzima. Tulipofika, mdogo wake alilizunguka gari, akachungulia ndani, akasema: «Lo! Ni lilelile.»

Hatukumsahihisha. Tulikuwa tumebishana miezi mitano kwamba tunaulinda urithi, na kati yetu watano hapakuwa na hata mmoja aliyejua urithi huo ulikuwa na rangi gani. Aliyejua alikuwa hai, amekaa barazani hatua chache kutoka garini, na hatukuwa tumemwuliza.