Nyumba Zilizopinda za Lavenham

Mtu atakaye kuuona mji wa Lavenham hutoka London asubuhi kwa gari la moshi, ingawa magari ya siku hizi hayatoi moshi kama yale ya zamani. Hupanda katika stesheni ya Liverpool Street na kuelekea mashariki. Hata afikapo Marks Tey hushuka, akaingia gari jingine dogo liendalo polepole mpaka Sudbury. Hapo reli hukoma. Zamani iliendelea mbele, ikafika Lavenham mwaka 1865. Lakini gari la mwisho la abiria lilipita mwaka 1961, na baadaye vyuma vikang'olewa. Kwa hiyo msafiri hupanda motakaa ya abiria, akapita katikati ya mashamba ya nafaka kadiri ya maili saba, na mbele yake huuona mnara wa kanisa umesimama kilimani, mkubwa kuliko inavyofaa kwa mji wenye watu wasiofika 2,000.

Akishuka, neno la kwanza alisemalo kila mgeni ni kwamba nyumba hizi zataka kuanguka. Njia kuu yateremka kutoka kanisani, na pande zote mbili zimepangwa nyumba za miti, nyingine nyeupe, nyingine za rangi ya waridi au ya manjano, wala ni shida kuona moja iliyonyoka. Hii imeinama njiani kama mzee atafutaye shilingi iliyomponyoka. Ile imemwegemea jirani yake. Dirisha moja limepanda upande huu na kushuka upande huu mwingine. Ghorofa ya juu yatokeza mbele kuliko ya chini, hata apitaye chini yake huinama bila kujua. Wageni hucheka, hupiga picha, kisha huenda kunywa chai.

Lakini kupinda huko hakukutoka katika uvivu wa mafundi. Maseremala wa kale walijenga kwa mti wa mwaloni, nao walitaka ungali mbichi, maana mwaloni uliokauka ni mgumu sana kwa shoka na patasi. Walichonga nguzo na boriti zikiwa zimelazwa chini, wakatia alama kila kipande kipate kujulikana na mwenzake, ndipo wakazisimamisha. Ulimi wa boriti ukaingia katika tundu la nguzo, na kigingi cha mti kikapigwa kuvishika vyote viwili. Nyumba ikaisha, watu wakahamia, na mti ukaanza kukauka taratibu huku umebeba mzigo wake. Na mti ukaukao hujipinda. Kwa kuwa vipande vyote vimeshikana, nyumba nzima hupinda pamoja, wala haianguki. Nyingi zimesimama hivyo yapata miaka 500.

Na kuta je? Mwanafunzi asikiaye habari za nyumba za Ulaya pengine hudhani kwamba zote tangu zamani ni za mawe na matofali. Kumbe, kati ya nguzo na nguzo mafundi wa Lavenham walisuka fito, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha wakapaka chokaa. Mtu wa Pwani akionyeshwa mahali ambapo chokaa imebanduka angeitambua kazi hiyo bila kuelezwa.

Sasa mgeni mwenye akili hujiuliza ni nani waliokuwa na mali ya kujenga nyumba nyingi namna hii, tena kubwa, mahali palipo mbali na bahari na mbali na mji mkuu. Mali hiyo ilitoka katika sufu ya kondoo. Mwaka 1257 mji ulipewa ruhusa ya mfalme kuwa na gulio, na kiwanja cha gulio kingali kipo juu ya kilima, na msalaba wake katikati. Katika karne zilizofuata watu wa Lavenham walijulikana kwa nguo nzito ya sufu yenye rangi ya buluu. Rangi yenyewe ilipatikana katika majani ya mmea uitwao woad, ambayo huvundikwa mpaka yatoe rangi kama ya nili. Chini ya njia iitwayo Water Street, maana yake Njia ya Maji, kijito hupita katika mfereji uliojengwa kwa matofali wakati ule. Mgeni hupita juu yake wala hausikii.

Tajiri wa nguo hakuwa na kiwanda. Alinunua sufu, akaigawanya katika nyumba za watu wake, mjini na vijijini. Huko ilichanwa na kusokotwa, na wasokotaji walikuwa wanawake na watoto; mfumaji akafuma; wengine wakaiponda nguo ndani ya maji ipate kushikamana; wengine wakaitia rangi. Kila mmoja alipewa ujira wa kipande chake cha kazi tu, bali sufu, na uzi, na nguo, vilikuwa mali ya tajiri tangu mwanzo hata mwisho. Hivyo mjane aliyeketi mlangoni na pia yake ya kusokotea alikuwa na kazi maadamu tajiri ana fedha na ng'ambo kuna wanunuzi. Vikikosekana hivyo, hakuwa na kitu.

Kodi iliyotozwa mwaka 1524 yaonyesha jinsi mji huu mdogo ulivyokuwa, kwa maana Lavenham ililipa kupita miji mikubwa ya York na Lincoln. Tajiri aliyewazidi wote, Thomas Spring, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akaacha fedha nyingi za kumalizia mnara wa kanisa. Mnara huo una urefu wa futi 141, na juu kabisa mafundi wamechonga ngao ya ukoo wake, si mara moja bali mara nyingi, kuuzunguka mnara wote. Mtu aliye chini huziona kwa shida. Labda zilikusudiwa macho mengine.

Hata mwaka 1525 Mfalme Henry wa Nane akataka fedha za vita juu ya Ufaransa. Waziri wake, Kardinali Wolsey, hakungoja shauri la Bunge. Akatuma watu kuwadai raia sehemu ya mali zao, hata sehemu moja katika sita kwa walio nacho, na makasisi sehemu moja katika tatu. Matajiri wa nguo wa Suffolk waliitwa, wakakubali kulipa. Kisha wakarudi makwao, wakawaambia wasokotaji na wafumaji kwamba fedha za ujira zimekwisha, basi kila mtu aende zake.

Ndipo watu wakaondoka majumbani. Walikusanyika yapata 4,000, watu wa Lavenham na wa Sudbury na wa vijiji vya kando, kila mtu na silaha aliyoweza kuipata. Masimulizi mengine husema kwamba ishara yao ilikuwa ni kengele za kanisa, lakini ndimi za kengele zilikuwa zimeondolewa kwa siri, na watu wengi waliongoja mlio hawakuusikia. Wakuu wawili wa nchi, Duke wa Norfolk na Duke wa Suffolk, wakaja na askari wao. Duke wa Norfolk akawauliza jemadari wao ni nani. Akajibu mtu mmoja mzee, jina lake John Greene, ya kuwa jemadari wao ni Umaskini, na kwamba yeye pamoja na jamaa yake Uhitaji ndio waliowaongoza mpaka pale. Akaeleza habari ya ujira uliokatwa na watoto wasio na chakula. Jambo hilo halikuishia katika vita. Watu walitubu, viongozi wao wakapelekwa London na kusamehewa, na mfalme akaiacha ile kodi.

Miaka minne tu baadaye, yapata mwaka 1529, matajiri wa chama cha Corpus Christi walijijengea ukumbi kando ya kiwanja cha gulio. Ndio jengo ambalo kila mgeni huonyeshwa, na kweli ni zuri. Mwaloni wake umechongwa milangoni na pembeni kwa ustadi mwingi. Chama chenyewe hakikudumu. Katika wakati wa mtoto wa mfalme yule yule, vyama vya namna hiyo vilifutwa, na ukumbi ukapewa kazi nyingine moja baada ya moja: ukawa baraza la mji, ukawa gereza, ukawa nyumba ya kazi ambamo maskini wasio na msaada waliwekwa na kulishwa kwa jasho lao. Sakafu waliyotembea matajiri walipokwenda karamuni ndiyo waliyoipiga deki maskini baadaye. Mwaka 1951 ukumbi ukawa wa National Trust, chama cha kuhifadhi majengo na ardhi, nacho huonyesha humo habari za sufu na za wafungwa pia.

Umaskini ulirudi, wala safari hii hapakuwa na Duke wa kumsemesha. Toka miaka ya 1560 na kuendelea, Waprotestanti wa nchi za Uholanzi na Flanders walikimbia mateso ya dini kwao, na wengi wakakaa Colchester, si mbali sana na Lavenham. Hao walijua kufuma nguo nyepesi za sufu, zenye sura nzuri na bei ndogo. Wanunuzi wakaziacha nguo nzito za buluu. Matajiri wa Lavenham, ambao baba zao walishindana na York, hawakubadili kazi yao upesi. Na walipotaka kuibadili, wakakuta wengine wamewatangulia. Mji ukabaki kusokota nyuzi za wafumaji wa mahali pengine. Katika karne ya 19 palikuwa na watu waliofuma vitambaa vya nywele za farasi, vya kufunikia viti. Ni kazi ya halali, lakini haijengi minara.

Hapa ndipo penye siri ya uzuri wa Lavenham, nao wageni wengi huondoka bila kuifahamu. Katika karne ya 18 miti na udongo vilionekana kuwa mambo ya kishamba. Watu wa miji iliyokuwa na fedha, kama Bury St Edmunds upande wa kaskazini, walibomoa nyumba zao za zamani, au walizivika uso wa matofali na madirisha yaliyonyoka. Watu wa Lavenham wangalipenda kufanya vivyo hivyo, na wachache walifanya. Waliosalia hawakuwa na fedha. Walipaka lipu juu ya nguzo, wakaziba panapovuja, wakaishi humo humo, pengine jamaa nyingi katika nyumba moja ya tajiri wa zamani. Yule mgeni asifuye leo moyo wa wazee hao wa kuhifadhi vitu vya kale huwapa sifa ambayo wao wenyewe wangeishangaa.

Mwanzo wa karne ya 20 nyumba zikaanza kupata bei tena, na hatari ya namna nyingine ikatokea. Nyumba ya mwaloni huweza kufunguliwa kama kitanda na kufungwa mahali pengine. Jengo moja lililoitwa Wool Hall, yaani Ukumbi wa Sufu, lilinunuliwa, likafunguliwa boriti kwa boriti lipelekwe karibu na Windsor. Watu wa mji walikataa, wakateta mpaka likarudishwa na kusimamishwa tena mahali pake. Sasa ni sehemu ya hoteli iitwayo Swan. Katika hoteli hiyo hiyo kuna ukuta wenye majina yaliyoandikwa kwa mkono na vijana wa Kimarekani, marubani na wenzao, waliokaa katika uwanja wa ndege karibu na mji mwaka 1944 na 1945. Walikwenda kutupa makombora Ujerumani, na si wote walioandika majina yao walirudi kuyasoma.

Asubuhi za kiangazi motakaa hujaa kiwanjani, na mtu ayependaye kuziona nyumba kwa utulivu hufanya vema kungoja jioni. Hapo huona taa zikiwashwa ndani, na kukumbuka kwamba watu wanaishi humo. Asichungulie madirishani, jambo ambalo wageni hulisahau sana. Wakaao humo leo hawapangi tena jamaa nyingi katika nyumba moja. Nyumba iliyopinda imekuwa kitu cha thamani kubwa, hununuliwa na watu waliofanikiwa kwingineko, wengine kwa ajili ya mapumziko tu. Kijana aliyezaliwa katika vijiji kama hivi, mwenye ujira wa duka au wa shamba, mara nyingi hulazimika kutafuta chumba mjini Sudbury au mbali zaidi, katika nyumba mpya za matofali ambazo hakuna mgeni azipigaye picha.

Naye mgeni hurudi kwa njia ile ile. Kengele kubwa ya mnara, iliyotengenezwa mwaka 1625 na fundi Miles Graye, wakati biashara ya buluu ilipokuwa imekwisha kuporomoka, huweza kusikika mpaka mashambani. Akifika Sudbury na kungoja gari la moshi, na akatembea kidogo, atapita karibu na viwanda ambamo hariri imefumwa mpaka katika karne hii ya 21. Kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 18 wafanya biashara ya hariri wa London waliileta kazi yao hapa, wakitafuta mahali penye wafumaji hodari na ujira mdogo.