Kushika na Kuachia

Kila chombo, msomaji, husifiwa kwa kazi yake: kapu kwa kubeba, chungio kwa kuchuja. Leo nakualika tutazame vitu ambavyo sifa yao ni mbili, kushika na kuachia. Vitu vya namna hiyo ndivyo wataalamu wavitafutavyo ili kuondoa angani hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, itokayo motoni na kuzidisha joto la dunia. Kazi hiyo si nyepesi, maana katika kila sehemu 10,000 za hewa, hewa ukaa ni sehemu 4 hivi tu.

Kitu cha kwanza ni cha kale, nacho ni chokaa. Wanafunzi wangu hupuliza pumzi kwa mrija katika maji ya chokaa, nayo hugeuka meupe kama maziwa mbele ya macho yao: chokaa imeishika hewa ukaa. Waashi wa Lamu walichoma matumbawe, moto ukaifukuza hewa hiyo. Kisha lipu ya ukutani ikaivuta tena polepole hata ikawa jiwe. Lakini chokaa ni mshikaji asiyependa kuachia. Kuitoa hewa yake kwahitaji joto la nyuzi 900 hivi, na kuni za kupatia joto hilo hutoa hewa ukaa nyingine. Faida iko wapi?

Kwa hiyo wataalamu wakageukia kemikali za jamii ya amini, ambazo hupakwa juu ya vitu vyenye vitundu vingi mfano wa sifongo. Hizo huishika hewa ukaa, na huiachia kwa joto la kadiri ya maji yachemkayo. Mwaka 2021 mtambo uitwao Orca ulianza kazi hiyo nchini Aislandi kwa nguvu za mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria kwetu. Hewa iliyokamatwa huchanganywa na maji, ikapenyezwa chini katika miamba ya volkano, ikawa jiwe.

Walakini Orca ulikusudiwa kukamata tani 4,000 kwa mwaka, hali wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa dawa ya kuikamata imepatikana, kuna haja gani ya kuipunguza?" Swali lake lilinigusa, kwani hewa hiyo ndiyo atakayoirithi. Nikamjibu kwamba baharia hufua maji chomboni, lakini asipoziba tundu hufua hata mikono ikalegea, na chombo kikazama.

Basi nawe, msomaji, ukijaliwa kuwa mwanakemia, tafuta kitu kishikacho vema na kuachia kwa wepesi. Lakini tundu tulizibe sote, tangu leo.