Yatima katika Katuni

Wako wazee wetu hapa Katesh wasemao kwamba katuni za Kijapani ni upuuzi mtupu: mapanga, mazimwi na vijana warukao angani. Mimi nizipendaye nakubali kuwa nyingi ndivyo zilivyo. Lakini iko moja, Kaburi la Vimulimuli, aliyoitengeneza Isao Takahata mwaka 1988. Hiyo haina zimwi. Mwaka 1945, vitani, mji wa Kobe unachomwa kwa mabomu. Kijana Seita na mdogo wake Setsuko wanafiwa na mama. Jamaa yao anawapokea, kisha anaanza kuwahesabia matonge. Wanaondoka, na njaa inawamaliza.

Ndugu msomaji, tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80. Siku zile misaada ilikuja. Lakini katuni ile yafundisha kwamba yatima haangamii siku ya msiba, ambapo kila mtu hulia naye. Huangamia baadaye, katika nyumba yenye chakula. Basi na tumtazame yatima tuliye naye leo: je, anakula nasi, au anakula kwetu?