Chema Chajiuza? Mhitimu wa Kiswahili na Mkoba Wake

Mwanafunzi wa Kiswahili hulelewa kwa methali, na mojawapo ya zile zinazomwongoza bila yeye kujua ni ile isemayo kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akishafuzu, huitia shahada yake katika bahasha ya kaki pamoja na cheti cha KCSE na hati ya maadili mema ya polisi, kisha akangoja wema wake ujiuze. Bahasha huzunguka Nairobi mwaka mzima. Yaliyomo yathibitisha kuwa alisoma na kwamba hana rekodi ya uhalifu. Hamna hata ukurasa mmoja unaoonyesha jinsi anavyoandika.

Ajabu ni kwamba kazi anazo. Wakati wa utafiti nyanjani alinukuu mahojiano ya wazee neno kwa neno, akayatafsiri. Alihariri tasnifu za wenzake kwa malipo ya chai na mandazi. Aliitafsiria kliniki ya kijijini kijitabu kuhusu chanjo. Yote hayo yametapakaa, mengine daftarini, mengine katika kompyuta za watu, na aghalabu jina lake halimo. Mfasiri na mhariri ni mafundi wa ajabu: wakifanya kazi barabara, hawaonekani. Hapo ndipo methali inapomponza mhitimu, kwani chema kisichoonekana kitajiuzaje? Wapo waliobobea katika lugha ambao wameishia kutafuta riziki mbali nayo kabisa, si kwa kukosa umahiri, bali kwa kukosa cha kumwonyesha mwajiri.

Mkoba wa kazi hauhitaji unene. Vielelezo vinne au vitano vyatosha, maadamu vinadhihirisha uamuzi wa aliyevitenda. Tafsiri na iwekwe sambamba na matini asilia, kisha aya moja ieleze kwa nini istilahi hii iliteuliwa na ile ikaachwa. Ukurasa uliohaririwa na uonyeshwe pamoja na masahihisho yake. Wengi huona haya hapa; hutoa nakala safi na kuzificha rasimu, ilhali rasimu ndiyo shahidi. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka wa 1963, akairekebisha, ikatoka tena mwaka wa 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*. Mwenye nakala zote mbili humwona mfasiri akifikiri, tangu kwenye jalada.

Hata hivyo, si kila kilichofanywa chafaa kuanikwa. Matini ya mteja ni mali ya mteja, na mfasiri anayeitembeza bila idhini amekwisha kumwonyesha mwajiri mpya jinsi atakavyozitunza siri zake. Asiye na idhini ana matini za umma. Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo kifungu chake cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ina sura ya nne kuhusu haki. Vifungu vitatu vya sura hiyo, vikitafsiriwa upya na kufafanuliwa, ni mtihani wa kutosha kwa yeyote.

Wala si lazima kungoja mahafali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kuanza na zoezi moja la tafsiri lililorudishwa na mhadhiri likiwa limejaa wino mwekundu, akaliandika upya, akaziweka nakala zote mbili pamoja na tarehe zake.