Kumwimbia marehemu kwa lugha yako

Najua wengine watasema: kapita wa shule ameacha kazi yake ya kengele, sasa anasifu muziki wa dunia. Someni kwanza, kisha mnihukumu.

Mwaka 2006 kundi la wanamuziki Wakongomani wa kule Paris, jina lake Kékélé, lilitoa albamu iitwayo Kinavana, maana yake Kinshasa na Havana pamoja. Kekele sisi wa Walikale tunaijua, ni ile kamba ya pori ambayo wazee wanafumia viti. Ndani ya kundi mlikuwa wakubwa wa kazi: Nyboma, Syran Mbenza wa gitaa, na Wuta Mayi ambaye zamani aliimba katika OK Jazz ya Franco. Lakini yule waliyemheshimu kwa albamu hiyo hakuwa Mkongomani. Ni Guillermo Portabales wa Kuba, aliyezaliwa mwaka 1911, akafa mwaka 1970 huko Puerto Rico kwa kugongwa na gari. Aliimba nyimbo za watu wa mashamba, polepole, na gitaa lake, pasipo makelele.

Kwa nini yeye? Tangu miaka ya 1930 sahani za Kuba zilifika Kongo, na wazee walizipenda hata wakaimba Kispanyola ambacho hawakusikia hata neno moja! Na si ajabu, kwa sababu ngoma za Kuba nyingine zilitoka huku kwetu, pamoja na watu waliouzwa utumwani.

Sasa, Kékélé walichukua sauti za Portabales wakatia ndani maneno yao wenyewe, kwa Kilingala. Mjomba wangu wa Masisi, mwenye nyimbo hizo katika simu yake, anasema huko ni kumwibia marehemu. Mimi nasema hapana. Hapa Walikale, mwaka 1956, mzee Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Biebuyck aliandika pia masimulizi ya wengine, na hayafanani. Kila mmoja alijifunza kwa mkubwa wake, lakini hakuwa kasuku wake. Nani atawaita wezi?

Ninayaleta haya kwa ajili ya kwaya yetu. Mzee aliyetufundisha alifariki mwaka jana, akatuachia kaye moja ya nyimbo alizotunga kwa Kinyanga. Wengi wetu tumetoka Masisi, tunasema Kihunde, na vita vimetuletea wenzetu wa mbali zaidi. Wamoja wanataka tuimbe neno kwa neno kama zilivyoandikwa, hata kama nusu ya kwaya haisikii inachoimba. Wengine wanataka tutafsiri zote. Maneno yalikuwa makali, hata watu wawili hawasalimiani tena.

Mtoto wa marehemu anaimba besi pamoja nasi, na hakuna aliyemuuliza. Nilimwendea jioni, kisimani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Baba alizitunga ili watu waimbe. Tafsirini. Lakini ule aliomtungia mama, msiuguse.»

Basi huo hatuugusi. Zile zingine tutaanza kuziweka kwa Kihunde na Kiswahili. Mwenye kujua vizuri Kihunde cha wazee aje Jumamosi saa tisa, kanisani, na kalamu yake.